Siku Breki Ziliponyamaza

Gari la binti yangu hupiga kelele kila tunaposhuka mteremko. Wiki iliyopita, kabla ya kunipeleka hospitali, alipita kwa fundi. Kijana yule akaliinua kwa jeki, akafungua gurudumu la mbele, na harufu ya chuma cha moto na grisi iliyoungua ikanifikia pale kwenye benchi. Binti yangu akaniangalia, akaniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia ni uchovu tu. Sikumdanganya. Kuna mambo ambayo mtu akiyabeba tangu utotoni huacha kumuuma. Hubaki kumchosha, kama mzigo ambao bega limeshauzoea lakini mgongo bado.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye miteremko ya Meru, Mwingereza akiwa bado yupo, mtanielewa nikisema kwamba breki za siku zile zilikuwa jambo la kumwomba Mungu. Magari mengi ya mashambani yalikuwa yameshazeeka hata wakati ule. Breki zake zilikuwa nyaya na fito za chuma, kutoka kwenye pedali hadi kila gurudumu, na kila gurudumu lilikuwa na tabia yake. Ukikanyaga, hili linashika upesi, lile linafikiri kwanza. Dereva mzuri hakuwa yule anayejua kukimbiza gari, bali yule anayejua gari lake likishika breki litaelekea upande gani. Ndiyo maana kila lori lilikuwa na taniboi aliyepakata gogo. Lori likikataa kusimama, taniboi anaruka, anatupa gogo mbele ya gurudumu, na wengine wote wanafumba macho.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja, kwenye njia ya kwenda Momela. Mzungu huyo tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu hakuacha kupiga mluzi isipokuwa akila au akigomba. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, Wazungu wa mashambani walishindana kwa magari. Walianzia Momela, wakashuka hadi barabara kuu, wakapita mjini, wakapanda Olmotonyi, kisha wakarudi. Sisi watoto hatukujua nani anashinda wala hatukujali. Tulikwenda kutazama wanavyosimama, maana kukimbia kila mtu aliweza.

Yapo niliyoyaona na yapo niliyosimuliwa. Mmoja wao, breki zilipomwishia kule juu, alikata mti akaufunga nyuma ya gari ili umzuie. Alitokea barabara kuu akiwa na wingu la vumbi, mti unaburuzwa, na mbuzi wa watu wanamfuata wakila majani. Mwenye mbuzi alikimbia kando ya gari akimwomba kwa adabu asimame, naye akamjibu kwa adabu vilevile kwamba hawezi. Mwingine, magurudumu yalipoanza kufuka moshi, alisimama kwa mama mmoja aliyeuza pombe ya ndizi, akanunua chungu kizima, akayamwagia magurudumu pombe yote. Wazee waliokuwa wakingoja zamu yao walitazama, mpaka mmoja akauliza, kama gari linakunywa hivi, mwenyewe je?

Baba alikaa kiti cha nyuma cha gari la Bwana Mluzi, na gogo lake mapajani. Lakini gogo lilikuwa la heshima tu, kwa sababu breki alizozifunga yeye zilishika. Ndilo jina alilokuwa nalo. Wenye malori wawili watatu pale mjini walikuwa wamemwambia, Anaeli, toka huko shambani, njoo ufungue kazi yako, magari yetu yote tutakuletea wewe. Alikuwa ameshaongea na mwenye nyumba mmoja wa Kaloleni ambaye nyuma ya vyumba vyake palikuwa na uwanja wa kutosha magari mawili. Alisema mashindano yakiisha ataaga. Alitaka aondoke watu wakiwa wamemwona. Mama aliulizwa mara nyingi kama atapenda kukaa mjini, na kila mara alijibu kwamba mjini hakuna migomba, lakini akijibu alikuwa anacheka.

Mwaka huo ninaousimulia, Bwana Mluzi alimwachia baba gari ili alijaribu kwenye miteremko yetu kabla ya mashindano. Akalileta nyumbani. Mnaweza kufikiri fahari yangu. Niliketi kwenye usukani mpaka suruali ikanata kwenye kiti. Kasoro ilikuwa moja tu: baba alikuwa ameweka vipande vipya vya kubana ndani ya breki, na vilikuwa bado vikavu. Kila akikanyaga, gari lilitoa mlio mrefu mwembamba uliowafanya ng'ombe wa jirani wainue vichwa. Alasiri alifungua magurudumu mawili ya upande wa kushoto ili avisugue. Hajafika mbali, wazee wa kanisa wakaja kumwita kwenye shauri la mpaka la majirani. Akaniambia nilinde spana, akaenda.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mchungaji alishachoka kumkataza. Mtu wa nyumba yake hakusafiri bila kupakwa mafuta ya kondoo. Aliyayeyusha mwenyewe kutoka kwenye mkia, akayaweka kwenye kibuyu kidogo juu ya dari, na msafiri akipita kuaga, alimgusa nayo kipaji cha uso na nyayo. Jembe jipya alilipaka. Mlango mpya aliupaka bawaba. Nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mlango ukipakwa unaacha kulia.

Nikamwendea jikoni. Nilikuwa mtoto wa kusema kila ninachokiona.

"Bibi, gari linalia."

"Linalia nini?"

"Miguu. Bado michanga, imekauka."

Hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Akasema lile gari linambeba mwanawe, na hajawahi kumwona mtu akienda safari na nyayo kavu. Akanituma nishushe kibuyu, nilipake kidogo kila mguu, nisimalize yote.

Sasa ninajua alimaanisha niguse tairi kwa nje, kama alivyogusa miguu ya watu. Lakini mimi nilikuwa nimemwangalia baba, nilijua mlio unatoka wapi. Magurudumu mawili yalikuwa wazi mbele yangu. Nikachota mafuta kwa vidole, nikayapaka kwenye vile vipande vipya, nikayasukuma kwenye kila tundu, nikapaka na chuma cha duara kinachovifunika. Nilifanya kazi safi. Sijawahi kufanya kazi kwa upendo kama ule tena, na nimefanya kazi nyingi. Bibi akanionya nisimwambie baba, maana baraka haitangazwi kabla msafiri hajarudi. Nikanyamaza kwa furaha.

Baba alirudi mvua imeanza. Akafunga magurudumu harakaharaka, ameinama juu yake na gunia kichwani, akawasha gari. Asubuhi na mapema alilishusha shambani polepole. Kule juu asubuhi ni baridi, na mafuta ya kondoo yakipoa huganda kama nta. Nadhani ndiyo sababu hakuhisi kitu. Alisikia tu, alipoligeuza pale uani, kwamba ule mlio umepungua. Aliniambia kabla ya kuondoka, akinipigapiga begani, "Unasikia? Zimenyamaza." Nilitaka kupasuka.

Siku ya mashindano kijiji kizima kilisimama kwenye kona ya mfereji, pale mteremko unapokata kulia na maji ya migomba yanapita chini ya barabara. Walikuwapo akina mama na vikapu vyao, watoto wa shule, askari mmoja aliyewekwa pale kuangalia watu wasivuke. Magari yalikuja moja moja, kila moja likipiga kelele kona ile kama nguruwe anayekamatwa. Halafu likaja letu, nami nikashika mkono wa bibi. Lilikuja kimya kabisa.

Bwana Mluzi alikanyaga breki. Magurudumu ya kulia yalishika, kama kawaida ya kazi ya baba. Ya kushoto hayakuwa na habari. Gari likazunguka kulia kwa upole kama ng'ombe anayegeukia zizini, likaipita kona yake, likaonyesha kwamba sasa linaelekea kwetu. Nilimwona baba akiruka na gogo. Alilitupa mahali penyewe hasa. Gurudumu likapanda gogo, likateremka upande wa pili, na gari likaendelea na safari mpaka kwenye mfereji, likalala pua ndani ya migomba ya mjane mmoja, maji yakipita kati ya viti. Hakuna aliyeumia. Bwana Mluzi alishuka akiwa na tope mpaka kwenye masharubu, na kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kupiga mluzi.

Kisha ile harufu ikatupata. Magurudumu yalikuwa ya moto kwa ule mteremko wote, na mafuta yalikuwa yameyeyuka na kuanza kukaangika. Ilikuwa harufu ya kondoo wa Krismasi. Mtu nyuma yangu akauliza nani anachoma nyama. Mwingine akajibu, "Ni Mzungu, lakini hajakaribisha." Watu wakacheka, wengine wakasogea kweli kuangalia kama kuna sufuria.

Bwana Mluzi akainama, akapitisha kidole kwenye gurudumu, akakinusa. Mluzi ukakoma. Kwa Kiswahili chake cha shambani akauliza, "Nani natia mafuta hapa? Nani napika gari yangu?" Askari naye akasogea, akanusa, akatamka neno ambalo lilizima kicheko chote. Akauliza kama ni dawa.

Ni lazima niwakumbushe ulikuwa mwaka gani kwetu, bila kuutaja. Watu wa Meru walikuwa wamehamishwa karibuni kwa nguvu kutoka upande wa kaskazini wa mlima, nyumba zimechomwa, ardhi wamepewa walowezi. Mzungu kutumbukia mfereji kijijini kwetu, na dawa kwenye magurudumu yake, lingekuwa jambo la kupelekwa bomani. Haya nayajua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba mkono wa bibi umekuwa mgumu ndani ya wangu, na kwamba amefungua mdomo ili aseme.

Baba alikuwa amesimama ndani ya maji. Alinusa mara moja. Ile ilikuwa harufu ya nyayo zake mwenyewe tangu alipojifunza kutembea, hakuhitaji kuuliza. Akatuangalia, mimi kisha mama yake, kisha akamgeukia Bwana Mluzi.

"Ni mimi, Bwana. Zilikuwa zinalia. Nikazipaka mafuta zinyamaze."

Halafu Bwana Mluzi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti wa ndizi. Askari akacheka kwa sababu Bwana amecheka, na kijiji kikacheka kwa sababu hatari imepita. Baba naye akatabasamu, maji yakimfika magotini.

Hapa ndipo kichwa changu cha mtoto kilipokosea, na kosa hili ni kubwa kuliko la mafuta. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo. Tulichapwa kwa uongo mdogo kuliko huo. Kwa hiyo akisema ni yeye, basi ni yeye. Niliamini kabisa kwamba alipokuwa akifunga yale magurudumu kwenye mvua, naye alikuwa amepaka mafuta yake, mengi kuliko yangu, na kwamba yangu yalikuwa baraka na yake ndiyo yalikuwa kosa. Nililala vizuri. Nilimwonea huruma kidogo, kama mtu anavyomwonea huruma fundi asiyejua kazi.

Bwana Mluzi alikisimulia kisa hicho hotelini mjini, na Wazungu wenzake wakakisimulia kwingine, na wapishi wao wakakileta Kaloleni kabla ya Jumapili. Baba akapata jina jipya: Fundi Kondoo. Hakufukuzwa kazi. Bwana Mluzi alimpenda zaidi baada ya hapo, kama mtu anavyompenda mtu anayemchekesha, lakini hakumruhusu kugusa breki tena. Alimweka kwenye mashine ya kumenya kahawa. Wale wenye malori hawakumwambia kitu. Waliacha tu kuuliza atakuja lini. Yule mwenye nyumba wa Kaloleni alipangisha uwanja wake kwa muuza mkaa. Mama hakuulizwa tena kuhusu mjini.

Mimi nilikwenda sekondari. Huko kila mvulana alikuwa na kitu cha kujivunia, baba mwalimu, baba karani, mjomba aliyefika Ulaya. Mimi nilikuwa na kisa cha breki. Nilikisimulia vizuri. Nilijifunza kuiga mluzi wa Bwana, nikajifunza kuiga baba akisimama ndani ya maji na kusema "Zilikuwa zinalia" kwa sauti ya mtu mjinga, sauti ambayo hakuwa nayo. Kila nilipokisimulia, alikuwa mjinga zaidi. Wenzangu waliniomba nikirudie.

Siku moja baba alikuja kuniona, amevaa koti lake la kanisani, na mkungu wa ndizi kichwani. Wavulana wakamsalimia vizuri, shikamoo mzee, naye akaitikia. Kisha mmoja wao, hakuwa mbaya, alikuwa mpumbavu tu kama mimi, akamwomba atusimulie yeye mwenyewe habari za mafuta ya kondoo. Baba akanitazama. Aliona kwamba nimesimama pale na kicheko changu tayari usoni, nangoja. Akatua mkungu chini, akasimulia. Akaigiza gari, akaigiza gogo, akaigiza kunusa. Alinipatia kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata mwenyewe. Kisha akafuta jasho, akasema lazima awahi lori la kurudi.

Likizo iliyofuata nilikuwa jikoni kwa bibi, mtu mzima sasa, mwenye kalamu mfukoni. Nikasema kwa dharau kidogo kwamba nashangaa fundi wa miaka yote ile alikosaje kujua breki hazipakwi mafuta. Bibi alikuwa ameshaanza kupoteza macho. Akaugeuza uso upande sauti yangu ilikotoka.

"Baba yako alikuwa kwenye shauri la mpaka," akasema. "Kibuyu ulikishusha wewe. Niliutuma mkono wako mimi. Yeye alipaka nini, mvua inanyesha, kibuyu umekirudisha kitupu?"

Nikatoka. Nilimkuta baba kwenye kahawa yetu, anachuma zilizoiva. Nikamwambia, baba, ni mimi niliyepaka. Hakuacha kuchuma.

"Najua. Shika tawi hilo, litavunjika."

Nikashika tawi. Alichuma mpaka likawa tupu, akahamia lingine, nami nikahama naye. Nikamwambia kwamba nilidhani naye alipaka, kwa kuwa hasemi uongo. Hapo alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akauliza kama nimewaambia wenzangu wa shule ukweli. Nikasema bado, lakini nitawaambia.

"Acha. Wameshazoea. Watakuuliza ulikuwa wapi siku zote."

Nilichukua maneno hayo kama ruhusa. Mtu anayetaka ruhusa huiona popote. Nilimaliza shule, nikapata kazi ya karani, bendera ikabadilishwa, nikaoa. Kila mwaka ulipopita, kusema kukawa kugumu zaidi na kukawa na faida kidogo zaidi, ndivyo nilivyojiambia. Baba alizeeka kwenye kahawa yake. Vijana walimwita Fundi Kondoo bila kujua jina lilitoka wapi, wakidhani anafuga.

Tulimzika nyumbani, chini ya migomba. Mzee mmoja aliyesema kwa niaba ya majirani alimsifu kwa upole wake, kisha, ili kuwapunguzia watu huzuni, akasimulia siku ile ya mfereji. Alikisimulia kama nilivyokuwa nikikisimulia mimi. Waombolezaji wakacheka, na kilikuwa kicheko cha upendo. Hata mchungaji alicheka, hata mama akatabasamu ndani ya khanga yake. Kisha nikaitwa mimi, mtoto mkubwa, niseme neno la familia.

Nikasimama kando ya lile shimo. Wote walikuwa bado wanatabasamu, wamenigeukia, wananingoja. Nikawashukuru kwa kuja. Nikamshukuru mchungaji na wazee wa kanisa. Nikasema chakula kiko tayari, na waliotoka mbali watangulie.